Inchi na Thumni: Jinsi Pembe za Ayala Zinavyopimwa

Kila mwaka, majira ya baridi yanapokaribia, mamilioni ya watu wa Marekani na Kanada huchukua bunduki au upinde na kuingia msituni kumtafuta mnyama mmoja. Jioni wale waliobahatika hukutana na jirani zao dukani au penye kituo cha mafuta, na jirani hutazama kilicho nyuma ya gari. Hapo zamani angeuliza nyama ina uzito gani. Siku hizi mara nyingi huuliza neno jingine: "Inchi ngapi?" Wala hapana haja ya kueleza ni inchi za nini. Ni inchi za pembe, nazo hazipatikani kwa kutupa jicho tu. Hupatikana kwa utepe wa chuma, kalamu ya risasi, fomu yenye safu za tarakimu, na hesabu ya kujumlisha na kutoa ambayo karani yeyote angeitambua mara moja.

Kwa ajili ya tarakimu hizo watu wamepata sifa, wengine wamepata fedha, na wengine wamegombana hata wakafa bila kupata haki yao. Kwa sababu hiyo yafaa kueleza jinsi hesabu hiyo inavyofanywa, na kwa nini wale walioitunga waliifanya kuwa kali kiasi kile.

MNYAMA MWENYEWE

Mnyama huyo ni ayala wa mkia mweupe. Wasomaji wa Biblia wamekwisha kulikuta jina la ayala katika Zaburi, lakini katika Afrika Mashariki hakuna aliyepata kumwona porini, kwa kuwa hayupo. Kulungu, swala na kuro, ingawa kwa umbo wanamfanana, ni wa jamii nyingine. Katika bara zima la Afrika yupo ayala wa asili wa namna moja tu, naye huishi mbali kaskazini, katika misitu iliyo mpakani mwa Aljeria na Tunisia. Huyu wa mkia mweupe ni mwenyeji wa Amerika, kutoka kusini mwa Kanada hata sehemu za kaskazini za Amerika ya Kusini. Akishtuka huinua mkia wake akakimbia, na upande wake wa chini ulio mweupe huonekana kama kitambaa kinachopeperushwa kati ya miti.

Tofauti kubwa iko katika pembe. Pembe ya ng'ombe, nyati au tandala ina mfupa ndani na ganda gumu nje, nalo ganda hilo ni la asili moja na ukucha. Pembe hiyo hukaa na mnyama mpaka kufa kwake, na ikivunjika haioti tena. Pembe ya ayala ni mfupa mtupu, tena yenye matawi kama mti, nayo huota na kuanguka kila mwaka. Madume peke yao ndio wenye pembe, isipokuwa mara chache sana jike naye huonekana nazo.

Siku zinapoanza kurefuka, karibu na mwezi wa Machi au Aprili, pembe mpya huchipuka. Wakati wa kukua hufunikwa na ngozi laini yenye damu na vinyweleo vifupi, mithili ya mahameli. Hukua upesi kupita karibu kila kiungo cha mnyama anyonyeshaye, hata mwili hulazimika kuazima madini kutoka katika mifupa mingine, hasa mbavu, ili kuyapeleka kichwani. Ufikapo mwezi wa Septemba ile ngozi hukauka, na dume huikwaruza juu ya miti mpaka mfupa ukabaki wazi. Novemba ni mwezi wa kugombea majike. Baadaye, kati ya Januari na Machi, pembe hulegea zikaanguka majanini, na panya na kindi huzitafuna kwa ajili ya chumvi zilizomo.

Basi pembe za ayala ni kama daftari la mwaka mmoja. Mtu mwenye ujuzi akizitazama anaweza kusoma mambo matatu: umri wa mnyama, chakula alichokula, na ukoo aliotoka. Dume wa mwaka mmoja na nusu huwa na vijiti vyembamba tu. Pembe zake hufikia ukubwa wake kamili akiwa na umri wa miaka 5 hata 7, kama amebahatika kufika huko. Hata ajali huandikwa humo. Imeonekana mara nyingi kuwa ayala aliyeumia vibaya mguu wa nyuma upande mmoja huota pembe iliyopotoka upande wa pili.

CHAMA NA KITABU CHAKE

Hesabu itumikayo zaidi ni ile ya Chama cha Boone and Crockett, kilichoanzishwa mwaka 1887 na Theodore Roosevelt pamoja na rafiki zake. Chama kiliitwa kwa majina ya wawindaji wawili wa kale, Daniel Boone na Davy Crockett. Huyo Roosevelt ndiye aliyekuwa Rais wa Marekani tangu 1901 hata 1909, na jina lake si geni katika Kenya. Mwezi wa Aprili 1909, mara tu baada ya kutoka madarakani, alishuka Mombasa na mwanawe Kermit, akapanda gari-moshi la reli ya Uganda, na kwa sehemu ya safari aliketi mbele kabisa ya injini ili awaone wanyama wa nyika. Yeye na mwanawe waliua wanyama zaidi ya 500 katika safari ile, wengi wao kwa ajili ya makumbusho ya Smithsonian yaliyoko Washington.

Idadi hiyo humshtua msomaji wa leo, na ni haki ashtuke. Lakini yafaa kujua kuwa watu wale wale waliingiwa na hofu kubwa kwa ajili ya wanyama wa nchi yao. Nyati wa Amerika, waliokuwa mamilioni, walikuwa wamebaki mamia machache. Ayala wa mkia mweupe walikuwa wamepigwa risasi kwa ajili ya nyama na ngozi za kuuza sokoni, hata inakisiwa kuwa mwaka 1900 walisalia karibu 500,000 tu. Waungwana wale walidhani kuwa wanyama wakubwa wataisha, na kwamba wajukuu wao watajua ukubwa wao kwa kusoma vipimo vitabuni. Kwa hiyo kupima pembe kulianza kama mtu anayeandika mali ya marehemu kabla haijatawanyika.

Kitabu cha kwanza cha Chama kilitolewa mwaka 1932. Kilipanga vichwa kwa kipimo kimoja kimoja cha urefu, jinsi wafanyavyo watu wa Rowland Ward, ambao tangu 1892 wameandika pembe za wanyama wa Afrika. Kwa pembe ya tandala, ambayo ni moja iliyojisokota, urefu hutosha kueleza mengi. Kwa pembe yenye matawi hautoshi. Ayala mmoja anaweza kuwa na shina refu lakini matawi mafupi kama vidole, na mwingine shina fupi lakini matawi marefu yaliyosimama kama mishale. Yupi mkubwa? Watu wawili, Grancel Fitz na James L. Clark, walitunga kila mmoja hesabu yake. Mwisho kamati iliyoongozwa na Samuel B. Webb ilikaa, ikaunganisha mawazo yao, na mwaka 1950 ikatoa hesabu moja ambayo hutumika hata leo.

JINSI YA KUPIMA

Jambo la kwanza ni kungoja. Pembe zikiwa mbichi zina maji, na zikikauka husinyaa. Kwa hiyo haziwezi kupimwa rasmi mpaka zimekaa siku 60 mahali pakavu, kwa joto la kawaida la nyumba. Mwindaji mwenye haraka hana la kufanya ila kuhesabu siku.

Siku hiyo ikiwadia, mpimaji hutwaa utepe wa chuma wenye upana wa robo inchi. Kila kipimo huandikwa kwa inchi na thumni, yaani sehemu moja ya nane ya inchi. Mambo manne huingia katika jumla.

La kwanza ni urefu wa shina la kila pembe, kutoka kitako penye mviringo wenye vinundu, kufuata mkunjo wa upande wa nje, mpaka kwenye ncha. La pili ni urefu wa kila tawi liotalo juu ya shina, kuanzia lile dogo lililo juu ya paji la uso. Si kila kinundu ni tawi. Ili lihesabiwe ni lazima liwe na urefu wa inchi 1 au zaidi, na urefu wake uupite upana wake. La tatu ni unene. Shina huzungushiwa utepe mahali panne, kila mahali palipo pembamba zaidi kati ya tawi na tawi. Ni mahali panne tu kwa kila pembe, hata kama ayala ana matawi mengi. La nne ni upana wa ndani, yaani nafasi iliyopo kati ya mashina mawili, nayo hairuhusiwi kuupita urefu wa lile shina lililo refu zaidi. Umbali kati ya ncha na ncha, na upana mkubwa wa nje, huandikwa pia katika fomu, lakini haviingii katika hesabu.

Na ifikiriwe kuwa karani mmoja amepewa pembe azipime. Shina la kulia ni inchi 25, na la kushoto 24. Matawi manne ya kulia ni inchi 5, 11, 10 na 6. Ya kushoto ni 5, 10, 10 na 3. Vipimo vinne vya unene vikijumlishwa ni inchi 17 kila upande. Upana wa ndani ni inchi 19. Upande wa kulia basi una inchi 74, na wa kushoto 69. Akiongeza na upana hupata 162. Hicho ndicho kipimo cha jumla, na ndicho mwenye pembe atakachokitaja dukani.

Lakini fomu haijakwisha. Sasa karani hulinganisha upande na upande, na kila tofauti huitoa. Mashina yametofautiana kwa inchi 1. Matawi ya pili yametofautiana kwa inchi 1, na matawi ya nne kwa inchi 3. Jumla ya kutoa ni inchi 5. Tena, pembeni mwa tawi moja la kulia limeota tawi dogo la inchi 2, lisilo katika mpango wa kawaida. Hilo nalo hutolewa. Kipimo cha mwisho ni inchi 155. Na kwa kuwa kitabu cha Chama hakipokei pembe za kawaida zilizo chini ya inchi 160, wala orodha ya wakati wote zilizo chini ya 170, pembe hizo ambazo asubuhi zilikuwa na inchi 162 jioni hazimo kitabuni.

Hapo ndipo ugomvi huanza. Wapo wawindaji wasemao kuwa si haki kumnyima mnyama mfupa alioujenga kwa jasho lake mwenyewe. Wasema kuwa alichoota kimeota. Walioitunga hesabu walijibu kwa hoja nyingine: kwamba umbo la ayala kwa asili ni la pande mbili zilizo sawa, na kwamba pembe zilizolingana ni dalili ya mnyama mkamilifu. Kwa wale walioota matawi kila upande kama kichaka, iliwekwa orodha ya pili, ambamo matawi yasiyo ya kawaida huongezwa badala ya kutolewa, na mlango wake ni inchi 185. Hoja zote mbili zina nguvu. Faida ya hesabu hiyo ni kwamba tangu 1950 imekuwa moja kwa watu wote, na mtu wa Texas na mtu wa Ontario hupimwa kwa utepe ule ule.

AMANA YA MPIMAJI

Penye sifa na fedha, udanganyifu hauko mbali. Pembe zinaweza kutiwa maji zikavimba. Tawi lililovunjika linaweza kuungwa kwa gundi na kupakwa rangi. Fuvu likipasuliwa katikati, pembe mbili zaweza kutanuliwa kama mlango, na upana ukaongezeka pasipo ayala kujua. Ndiyo sababu sheria za Chama ni kali. Fuvu lililopasuliwa halipokewi kabisa. Tawi lililoungwa halihesabiwi. Mwindaji hutia sahihi hati kuwa alimwinda mnyama kwa haki, akiwa huru porini na si ndani ya ua. Wapimaji hufunzwa kazi hiyo, nao hawalipwi ada na mwenye pembe. Na zile pembe zilizo kubwa kuliko zote huitwa kupimwa upya na jopo la waamuzi, kila kipindi cha miaka 3.

Mpimaji asiyelipwa ndiye nguzo ya nyumba yote. Mara nyingi huketi mezani na jirani yake, mtu anayemjua na kumpenda, naye ana shauku ya kusikia kuwa amefika 160. Utepe unasema 159 na thumni 7. Thumni moja tu ni nyembamba kuliko penseli, na hapana mtu mwingine katika chumba. Lakini mpimaji akiitoa thumni ile kama zawadi, hatakuwa ametoa kilicho chake. Atakuwa amechukua kitu kutoka kwa kila mtu aliyepata kuandikwa kitabuni kwa haki.

KICHWA KILICHOPOTEA MIAKA 50

Wahenga walisema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Hapana mfano ulio bora kuliko habari ya James Jordan. Mwezi wa Novemba 1914, kijana huyo alimpiga ayala mkubwa karibu na mji mdogo wa Danbury, katika jimbo la Wisconsin. Alimpa fundi wa kukausha vichwa amtengenezee, wala hakuandikiana naye chochote cha maana. Fundi alihama mji, kichwa kikaenda pamoja naye, na Jordan asikione tena. Miaka ilipita. Kila aliposimulia habari ya ayala wake, watu walimsikiliza kama wamsikilizavyo mvuvi anayeeleza habari ya samaki aliyemponyoka.

Mwaka 1964, katika jimbo jirani la Minnesota, mtu mmoja alikuta pembe kuukuu katika mnada wa vitu vilivyotumika, akazinunua kwa dola 3. Zilipopimwa kwa utepe na kuhakikishwa na waamuzi, zilikuwa inchi 206 na thumni 1. Hapakuwa na pembe za kawaida za ayala wa mkia mweupe zilizozidi hizo ulimwenguni. Mwaka 1971 Chama kilizitambua kuwa za kwanza, lakini mahali pa jina la mwindaji hapakuandikwa mtu. Jordan, aliyekuwa mzee sasa, alisema ni zake. Ilimchukua Chama mpaka mwaka 1978 kukubali. Jordan alikuwa amefariki mwaka huo huo, kabla habari haijamfikia. Hivyo pembe zilihitaji saa chache tu kupimwa, na mwenye pembe alihitaji miaka 64 kuaminiwa. Karatasi moja yenye sahihi mbili ingalitosha.

Cheo hicho kilikaa mpaka tarehe 23 Novemba 1993, mkulima mmoja wa Biggar, katika jimbo la Saskatchewan huko Kanada, aitwaye Milo Hanson, alipompiga ayala mwenye inchi 213 na thumni 5. Jirani zake walikuwa wamekwisha kumwona mnyama huyo katika mashamba yao. Hanson hakuwa tajiri aliyetoka mbali na kukodi msitu. Alikuwa mtu wa shamba katika nchi yake mwenyewe.

Na katika orodha ya pili, ile ya pembe zisizo za kawaida, ayala aliye juu ya wote hakupigwa na mtu yeyote. Alikutwa amekufa karibu na ua, katika wilaya ya St. Louis, jimbo la Missouri, mwaka 1981. Pembe zake zilikuwa inchi 333 na thumni 7, nazo zikawa mali ya idara ya wanyama ya jimbo hilo. Hili laonyesha nia ya kitabu. Kinachopimwa ni mnyama. Mtu huandikwa pembeni, ikiwa yupo.

KUHUKUMU KWA MACHO

Utepe hutumika baada ya mnyama kufa, lakini hukumu iliyo nzito zaidi hutolewa akiwa hai, tena kwa muda mfupi sana. Mwindaji mwema hujifunza kupima kwa macho. Masikio ya ayala aliyesimama kwa tahadhari huwa na umbali wa karibu inchi 16 kutoka ncha hadi ncha, basi mashina yakitokeza nje ya masikio, upana ni mzuri. Sikio lenyewe lina urefu wa inchi 6 hivi, na tawi likilipita sikio hilo lafaa kutazamwa mara ya pili.

Lakini waliobobea hutazama mwili kabla ya pembe, kama mfugaji anavyofanya katika maonyesho ya kilimo. Dume kijana ana shingo nyembamba na miguu mirefu, na huonekana kama jike aliyevikwa pembe. Dume aliyekomaa ana shingo nene iliyoungana na kifua, tumbo limeshuka, na miguu huonekana mifupi. Mwenye subira humwacha kijana apite, hata kama pembe zake zinavutia, kwa sababu anajua kuwa miaka 2 au 3 ijayo itamfanya kuwa mnyama mwingine. Mkulima asiyemchinja fahali wake mchanga analijua jambo hilo bila kufundishwa na Mmarekani.

Wapo pia waliochoka kusubiri. Hao hufuga ayala ndani ya ua, huwachagulia madume ya kupanda, huwalisha vyakula vya madini, na kupata pembe kubwa za kutisha, kisha huuza ruhusa ya kuwapiga. Chama huzikataa pembe za namna hiyo, ziwe na ukubwa gani. Lipo tena jambo baya zaidi. Mwaka 1967 katika jimbo la Colorado ulionekana, kati ya wanyama wa jamii ya ayala waliokuwa wakifugwa, ugonjwa wa ubongo unaomkondesha mnyama mpaka akafa. Hauna dawa wala chanjo, na sasa umeenea katika majimbo mengi. Wataalamu wameona kuwa kusafirisha ayala wafugwao kutoka ua hadi ua kumesaidia kuueneza. Tamaa ya inchi imewagharimu hata wasiowinda.

FAIDA YAKE NI NINI?

Katika Kenya uwindaji wa namna hiyo ulipigwa marufuku mwaka 1977, na kabla ya hapo, mwaka 1970, Rais Kenyatta alikuwa amemweka tembo mmoja wa Marsabit, Ahmed, chini ya ulinzi wake kwa ajili ya pembe zake kubwa. Ahmed alikufa kwa uzee mwaka 1974. Nchi mbili zimechagua njia mbili mbalimbali za kumheshimu mnyama mkubwa, na hapana haja ya kuzilinganisha hapa.

Lakini yapo ya kujifunza. Ayala wa mkia mweupe, waliokisiwa kuwa 500,000 mwaka 1900, walifikia karibu milioni 30 kabla ya karne hiyo kwisha. Sheria za kuzuia biashara ya nyama pori zilisaidia, na pia ushuru wa bunduki na risasi, ambao tangu sheria ya mwaka 1937 fedha zake hupewa majimbo kwa kazi ya kutunza wanyama. Kitabu kilichoanzishwa ili kuandika urithi wa marehemu kimegeuka kuwa kitabu cha walio hai, na vipimo vyake humwonyesha bwana wanyama ni wilaya gani ina madume waliofikia umri, na ni wapi wanauawa mapema mno.

Kazi hiyo yote haina maana kama tarakimu si za kweli. Hapo karani wa ofisi, mpima maziwa wa chama cha ushirika, na mwenye mizani ya kahawa wote husimama mahali pamoja na yule mpimaji wa pembe. Kila mmoja wao ameshika kitu kidogo ambacho wenziwe hawawezi kukihakikisha, nao humwamini. Thumni ni ndogo, lakini sifa ya daftari zima hukaa juu yake.